Kabla ya Kiboko, Swali: Mwalimu na Mtoto wa Mzazi Anayeugua Akili

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa mapema kwamba mtoto haji shuleni mikono mitupu. Huja na lugha ya nyumbani kwao, huja na michezo, hadithi na desturi, na mwalimu hodari huyatumia hayo yote kuwa ngazi ya kumpandishia mtoto kwenye maarifa mapya. Kanuni hiyo twaikubali sote. Lakini liko jambo jingine ambalo mtoto huja nalo, na ambalo maandalio yetu ya masomo hayalitaji: hali ya akili ya mama na baba aliowaacha nyumbani asubuhi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo inavyoingia darasani. Yanakusudia pia kutetea rai moja: kwamba mwalimu wa shule ya msingi, ijapokuwa si daktari, anao uwezo mkubwa wa kumkinga mtoto ambaye mzazi wake anaugua akili, na kwamba uwezo huo huupoteza mara nyingi kwa jambo moja, nalo ni haraka ya kuadhibu kabla ya kuuliza. Mifano yetu tutaitoa Tunduma na mkoa wa Songwe kwa jumla, kwa sababu maisha ya huko yanalionyesha jambo hili waziwazi.

Mji wa mpakani na nyumba zake

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Ndani yake mna nchi za namna mbalimbali: mashamba ya kahawa ya Mbozi, milima ya Ileje inayopakana na Malawi, bonde la Momba linaloteremka kuelekea Ziwa Rukwa, na machimbo ya dhahabu ya wilaya ya Songwe. Na penye mpaka wa Zambia uko mji wa Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, nayo inapita hapo. Malori yanayobeba mizigo ya Zambia na Kongo hupanga foleni hapo, na ng'ambo ya mpaka, hatua chache tu, ni mji wa Nakonde.

Mji huu umekua kwa kasi. Katika sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na watu wasiotimia 100,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa wamepita 200,000. Mwalimu na atafakari maana ya ongezeko hilo kwa malezi. Watu wengi wa Tunduma ni wahamiaji. Wamekuja kutoka Mbozi, Rungwe, Kyela, Sumbawanga na mbali zaidi, kutafuta riziki ya mpakani. Baba ni dereva au utingo, hutoweka majuma mawili au mwezi mzima. Mama ni mchuuzi au mama lishe, huamka alfajiri kwenda kwenye foleni ya malori na hurudi usiku. Bibi, shangazi na mama mdogo, ambao kijijini wangempokea mtoto siku mama yake anapolemewa, wamebaki kijijini. Jirani wa chumba cha pili ni mpangaji kama wao, na huenda mwezi ujao akahama.

Riziki yenyewe haina uhakika. Mwezi wa Mei mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ya Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde. Malori yakasimama, na mtu aliyekula kwa kuuza chai na chapati kwa madereva akajikuta hana mteja. Wakati huo shule zetu nazo zilikuwa zimefungwa, tangu mwezi wa Machi hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo mtoto alikuwa nyumbani mchana kutwa, akiutazama uso wa mama yake.

Vijijini hali ina sura nyingine, lakini haina nafuu sana. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupata fedha baada ya mavuno katikati ya mwaka. Shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, fedha hizo aghalabu zimekwisha, ghala la mahindi limepungua, na mvua inanyesha. Ndiyo miezi ya madeni na ya kukosa usingizi. Kwenye machimbo ya dhahabu, baba huweza kupata kitita siku moja na kukosa hata senti miezi mitatu, na katika kukosa huko kilabu cha pombe huwa karibu kuliko nyumbani.

Umaskini si ugonjwa wa akili, na wako maskini wengi wenye akili timamu na furaha tele. Hata hivyo, dhiki ya muda mrefu na upweke huyaita maradhi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Kiingereza, George Brown na Tirril Harris, walichapisha utafiti wao juu ya wanawake wa Camberwell, sehemu ya jiji la London. Waliona kuwa pigo kubwa la maisha humwangusha upesi zaidi mwanamke asiye na mtu wa karibu wa kumweleza siri zake, na mwenye kuhudumia watoto wengi wadogo nyumbani. Mwenye kuijua Tunduma hatahitaji maelezo zaidi ili kuelewa kwa nini utafiti wa London unamhusu.

Maradhi tunayoyazungumzia

Mwanachuo asidhani kuwa tunamsema tu yule mtu anayezunguka sokoni akiwa na matambara, ambaye watoto humzomea. Huyo ni mgonjwa, na anastahili heshima na matibabu. Lakini maradhi mengi ya akili hayana sura hiyo. Lipo zaidi la sonona: mtu huwa na huzuni isiyomtoka kwa majuma mengi, hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, hupoteza hamu ya chakula na kazi, hujiona hana thamani, na pengine hutamani kufa. Upo wahaka, yaani hofu isiyo na sababu ya dhahiri inayoupiga moyo mbio usiku na mchana. Upo ulevi uliokwisha kuwa utumwa. Yapo pia maradhi makubwa, ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizosikika na wengine au aamini mambo yasiyokuwapo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, wanawake wapatao 16 katika kila 100 wenye mimba, na wapatao 20 katika kila 100 waliojifungua karibuni, husumbuliwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Basi mwalimu wa darasa la awali au la kwanza asione ajabu akiambiwa kwamba miongoni mwa akina mama wanaowaleta watoto kuandikishwa, huku wamebeba vichanga mgongoni, wamo wanaougua bila ya kujua kuwa ni ugonjwa.

Wenyewe hawatumii majina ya kitabibu. Husema, "Nina mawazo mengi," au "Moyo ni mzito," au "Kichwa hakitulii." Jirani zetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na kwa neno hilo huitambua hali hiyo hiyo. Wengine husema mtu amerogwa, na humpeleka kwanza kwa mganga. Mwalimu hana haja ya kugombana na imani ya mzazi. Inatosha amweleze kwa upole kwamba ugonjwa huu una tiba hospitalini, na kwamba kwenda hospitali mapema hakumzuii mtu kusali wala kuombewa na jamaa zake.

Njia ya maradhi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto

Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Aliye mgongoni hana dira nyingine. Mama akienda naye huenda, mama akijikwaa naye huyumba. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, alilithibitisha hilo kwa jaribio jepesi. Aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao kama kawaida, kisha kwa dakika chache wawatazame kwa uso mkavu usiobadilika. Vichanga vilijaribu kutabasamu, vikanyoosha mikono, vikapiga kelele. Vilipoona uso haujibu, vikageuza macho pembeni na kunywea. Hizo zilikuwa dakika chache tu. Mama mwenye sonona huweza kuwa na uso huo kwa miezi, na si kwa kutompenda mwanawe, bali kwa kuwa maradhi yamemnyang'anya nguvu ya kuuonyesha upendo wake.

Mtoto anapofikia umri wa kwenda shule, athari hupita katika njia kadhaa ambazo mwalimu anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Nyumba iliyojaa ukimya humleta darasani mtoto mwenye maneno machache, naye mwalimu humwita mzito.

Ya pili ni utaratibu. Pasipo mtu wa kusema sasa tule, sasa tulale, sasa tuamke, mtoto hana saa. Hulala saa sita za usiku na kusinzia kwenye somo la Hisabati.

Ya tatu ni kugeuka kwa nafasi. Mtoto huwa mzazi wa mzazi wake. Hupika, huchota maji, humbeba mdogo wake, humsubiri baba mlevi mlangoni ili asianguke, humtazama mama ili asijidhuru. Huyu akifika shuleni huwa amekwisha fanya kazi ya mtu mzima, na mawazo yake hubaki nyumbani hata mwili ukiwa kwenye dawati.

Ya nne, nayo ni chungu kuliko zote, ni aibu na kujilaumu. Mtoto mdogo hudhani kwamba mambo yote yanayotokea yametokana na yeye. Akimwona mama analia husema moyoni, "Nimemkosea." Na kwa kuwa wenzake huimba nyimbo za kuwadhihaki vichaa, huificha siri yake, hakaribishi rafiki nyumbani, na huchagua kukaa peke yake.

Yako pia mambo ya kurithi, kwani baadhi ya maradhi ya akili huelekea kuonekana zaidi katika ukoo mmoja. Lakini kurithi uwezekano si kurithi ugonjwa, na maradhi haya hayaambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Mwalimu atakayesema mbele ya darasa, "Kwao wote ndivyo walivyo," atakuwa amesema uongo na kumpa mtoto jeraha atakalokwenda nalo uzeeni.

Sura yake darasani

Tuchukue mfano. Msichana wa Darasa la Nne katika shule moja ya mjini hufika saa mbili na nusu mara tatu kwa juma. Sare yake haikufuliwa. Hana daftari la Kiswahili, anasema limepotea. Akiulizwa swali hutazama chini. Kipindi cha tatu husinzia. Mwezi wa pili wa muhula mwalimu amekwisha kumpa majina matatu: mtoro, mvivu, mchafu. Kila achelewapo hupigwa, na jioni hubakizwa kufagia.

Sasa tuitazame asubuhi hiyo hiyo kutoka upande wa nyumbani. Mama amejifungua miezi minne iliyopita, na tangu hapo haamki kitandani ila kwa shida. Baba yuko safarini Lubumbashi. Msichana ameamka gizani, amewasha moto, amekoroga uji, amemwosha mdogo wake, amemwomba mama anywe hata vijiko viwili, kisha amekimbia shuleni. Karatasi za daftari lake mdogo wake amezichana. Kuchelewa kwake ni ushahidi wa bidii ambayo wengi wetu tusingeiweza. Kumpiga kwa kuchelewa huko ni kumwadhibu kwa kumhudumia mama yake. Na kumbakiza jioni ni kuongeza muda ambao kichanga kinakaa bila mwangalizi. Naye mtoto, akiona kila siku kwamba shuleni ni kupigwa, atafanya hesabu yake, na ipo siku hatakuja tena. Hapo tutaandika "mtoro" kwa haki, lakini utoro huo tutakuwa tumeutengeneza wenyewe.

Wanachuo waikumbuke pia sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa makosa makubwa, isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, anayeshika fimbo mlangoni kila asubuhi kuwapokea waliochelewa, hana kanuni inayomlinda. Lakini hata pasingekuwa na kanuni, hoja yetu ingebaki pale pale: fimbo haiwezi kumponya mama, na chanzo cha kuchelewa ni mama.

Yaliyo katika uwezo wa mwalimu

Huko Kauai, kisiwa kimoja cha Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo mingi watoto wote 698 waliozaliwa mwaka 1955. Baadhi yao walikulia katika dhiki nyingi kwa pamoja: umaskini, ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Wengi wa hao walipata matatizo, lakini theluthi moja hivi walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, imani na huruma. Watafiti walipochunguza kilichowasaidia waliona, pamoja na mambo mengine, kwamba kila mmoja alipata mtu mzima mmoja imara wa kumtegemea; na nje ya jamaa, mtu huyo mara nyingi alikuwa mwalimu. Kijijini mtu huyo angeweza kuwa bibi. Katika mji wa wapangaji kama Tunduma, bibi hayupo, na mwalimu ndiye anayeonana na mtoto siku tano kwa juma. Afanye nini basi?

Kwanza, asome daftari la mahudhurio kama mtu asomaye barua. Kukosa shule kila Jumatatu, au kila siku ya gulio, au kila baba anaporudi safari, ni habari. Mwalimu anayejumlisha tu wahudhuriaji na watoro kwa ajili ya taarifa ya mwezi, ameifungua barua bila kuisoma.

Pili, aulize kabla ya kuadhibu, na aulize faraghani. Maneno yasiwe mengi:

"Mwanangu, naona siku hizi unachelewa. Asubuhi nyumbani kuna kazi gani?"

"Namwamsha mama, mwalimu. Haamki."

"Na mdogo wako?"

"Namwosha, namkorogea uji."

"Umefanya kazi kubwa. Mama anaumwa, na si kosa lako. Ukichelewa, ingia polepole, keti mahali pako. Nitakuonyesha tulipofika."

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika mbili. Ndani yake mtoto amepata mambo matatu ambayo hakuwa nayo alipoamka: kusifiwa, kuambiwa kuwa si yeye aliyemwuguza mama yake, na kujua kuwa mlango wa darasa uko wazi.

Tatu, alifanye darasa liwe mahali panapotabirika. Siku ianze kwa namna ile ile: salamu, wimbo, kazi ya jana, kazi ya leo. Kanuni za darasa ziwe chache na zisibadilike kwa hasira ya mwalimu. Kwa mtoto ambaye nyumbani hajui kama jioni atakuta mama anacheka au analia, utaratibu usiobadilika ni pumziko. Mwalimu anayecheka leo na kufoka kesho kwa kosa lile lile humpa mtoto nyumba ya pili iliyo kama ya kwanza.

Nne, asimwadhibu kwa kukosa kazi ya nyumbani. Ampe nafasi ya kuifanya shuleni, robo saa kabla ya kengele au wakati wa mapumziko, akiwa pamoja na mwenzake anayeelewa.

Tano, aangalie mada zake. Insha ya "Mama yangu" au "Jumapili nyumbani kwetu" ni nyepesi kwa wengi, lakini kwa mtoto huyu ni kuvuliwa nguo hadharani. Mwalimu atoe mada mbili au tatu, kila mmoja achague. Katika maigizo asimruhusu yeyote aigize kichaa kwa kuchekesha, na nyimbo za kuwazomea wagonjwa azikomeshe kwa kueleza, si kwa kukaripia tu. Hadithi ya mtu aliyeugua akili akatibiwa na kurudi kazini kwake itawafundisha watoto wote, na itamfariji mmoja bila ya kumtaja.

Sita, ampe kazi anayoiweza na yenye heshima, kama vile kugawa vitabu au kusoma aya ya kwanza ambayo amekwisha kuifanyia mazoezi. Asimwongezee uzito wa kutunza wengine. Huo anao wa kutosha. Anachokosa ni utoto, kwa hiyo mwalimu ahakikishe kwamba wakati wa michezo naye anacheza.

Mipaka ya kazi yetu

Mwalimu asijifanye tabibu. Si kazi yake kusema mzazi fulani ana ugonjwa fulani, wala kumpa dawa. Kazi yake ni kuona, kumlinda mtoto darasani, na kuwaelekeza wahusika. Ataanza na mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha. Kwa kibali chao ataweza kumtembelea mzazi, akiwa na mwalimu mwenzake wa makamo, na asiende kama mpelelezi. Ataamkia kwa heshima, atamsifu mtoto kwanza kwa jambo la kweli, kisha atasikiliza. "Mama, mwanao anatupendeza kwa upole wake. Tumekuja kukujulia hali" ni mwanzo mwema kuliko "Mwanao anachelewa." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mzazi aelekezwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka huko, ikibidi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Vwawa au ile ya Kanda iliyoko Mbeya. Aambiwe kwamba kutibiwa akili hakumaanishi kupelekwa Mirembe, Dodoma. Jina la hospitali hiyo kongwe limegeuzwa kuwa tusi, na tusi hilo limewazuia wengi kutafuta tiba iliyo karibu nao.

Na tiba ipo. Huko Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Harare kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha nafuu kubwa baada ya miezi sita. Huko Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini kuwatembelea akina mama wenye sonona. Katika matokeo ya mwaka 2008, mtoto alipotimiza miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100 waliopata huduma hiyo, na 53 katika kila 100 wa kundi jingine. Na vichanga vya waliohudumiwa viliugua kuhara kwa uchache zaidi na vilikamilisha chanjo zaidi. Mama akipona, mtoto hupata nafuu.

Siri ya mtoto itunzwe. Isisimuliwe katika chumba cha walimu wakati wa chai. Lakini mtoto akipigwa, akiachwa na njaa, akinajisiwa, au mzazi akisema atajiua, siri hiyo haiwezi kubaki kwa mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari ya kukiukwa kwa haki za mtoto azifikishe kwenye serikali ya mtaa wake. Wapo pia ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na simu ya watoto ya bure, namba 116.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema, "Darasa lina watoto mia na zaidi; mwalimu atawezaje kumjua kila mmoja?" Pingamizi hili ni la kweli, na atakayelipuuza hajafundisha mjini. Lakini tulichopendekeza hakihitaji saa nyingine katika siku. Kuuliza huchukua muda ule ule wa kuchapa. Kuanza siku kwa utaratibu mmoja huokoa muda. Kutoa mada tatu badala ya moja ni mstari mmoja zaidi ubaoni. Na mwalimu hahitaji kuwajua wote mia kwa kiwango kimoja. Aandike pembeni mwa daftari lake majina ya watano ambao mahudhurio yao yanasema jambo, aanze na hao.

Wengine watasema kuwa tunalegeza nidhamu, na kwamba kila mtoto atasingizia ugonjwa wa mama. Watakuwapo watakaosingizia. Si kila achelewaye ana mgonjwa nyumbani. Wengine wamesimama njiani kutazama malori. Ndiyo maana tumesema aulizwe. Mwalimu anayeuliza atawatambua wote wawili, na nidhamu yake itakuwa ya haki. Mwalimu anayechapa wote hamtambui hata mmoja.

Miaka mingi imepita tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isiwe kisiwa kilichojitenga na jamii yake. Twalikumbuka hilo tunapopanda miti na kulima bustani ya shule. Yafaa tulikumbuka pia mlangoni, saa mbili na nusu asubuhi, anapotokea mtoto mwenye sare isiyofuliwa na macho ya usingizi. Wewe unayejiandaa kuingia kazini utakutana naye katika juma lako la kwanza la mazoezi. Weka fimbo chini, mwite kando, umwulize asubuhi nyumbani kuna kazi gani. Kisha usikilize jibu mpaka mwisho.